Grzegorz Lato, winga aliyeongoza kwa mabao Kombe la Dunia 1974: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Lato ni nani hasa?

Ni mshambuliaji wa zamani wa Polandi, aliyezaliwa Malbork, kaskazini mwa nchi hiyo, tarehe 8 Aprili 1950, na kukulia Mielec, mji wa viwanda ulioko kusini-mashariki. Alicheza fainali tatu za Kombe la Dunia (1974, 1978 na 1982), mechi 20 kwa jumla, akafunga mabao 10. Mabao 7 kati ya hayo aliyafunga Ujerumani Magharibi mwaka 1974 na kuwa mfungaji bora wa mashindano. Hakuna Mpolandi mwingine aliyewahi kufanya hivyo, hata Robert Lewandowski.

Kabatini kwake kuna dhahabu ya Olimpiki ya 1972, fedha ya Olimpiki ya 1976, na nafasi ya tatu ya Kombe la Dunia mara mbili. Baada ya kutundika daluga alikuwa kocha, kisha seneta, kisha rais wa shirikisho la soka la nchi yake. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo inayozua ubishi, na tutaifikia.

Jina lake linatamkwaje?

Jina la ukoo ni rahisi: La-to, kama lilivyoandikwa. Kazi iko kwenye jina la kwanza. Katika Kipolandi herufi "rz" ni sauti moja, ile ile ya "j" ya Kifaransa katika "jour", kwa hiyo msomaji wa Bukavu au Bujumbura ana nafuu kuliko wa Tanga. "Sz" ipo pia katika majina ya wenzake, nayo ni "sh" yetu. Grzegorz hutamkwa takriban "Gzhegosh", mkazo ukiwa kwenye silabi ya kwanza.

Unapomtafuta mtandaoni, andika majina yote mawili. "Lato" ni neno la kawaida la Kipolandi lenye maana ya majira ya joto, na ukiliandika peke yake utaletewa utabiri wa hali ya hewa na matangazo ya likizo za ufukweni.

Alikuwa mshambuliaji wa kati au winga?

Winga wa kulia. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu wakiona "mfungaji bora wa Kombe la Dunia" wanafikiri moja kwa moja namba tisa anayesimama kwenye boksi kungoja krosi. Katika timu ya kocha Kazimierz Górski kazi hiyo ilikuwa ya Andrzej Szarmach. Lato alikuwa kulia, Robert Gadocha kushoto, na nyuma yao Kazimierz Deyna akigawa mipira kwa utulivu wa mtu asiye na haraka. Mwaka 1974 Lato alivaa namba 16, Szarmach 17, Gadocha 18. Ukitazama picha za zamani zisizo na rangi nzuri, namba hizo zitakusaidia kuwatofautisha. Lato pia ni yule mwenye upara.

Silaha yake ilikuwa kasi, lakini kasi ya namna fulani. Hakuwa fundi wa kumzungusha beki kwa chenga tatu. Alianza kukimbia kabla pasi haijapigwa, akiingia kutoka pembeni kuelekea nguzo ya pili wakati mabeki wote wanamtazama Szarmach au wanamfuata Gadocha upande wa pili. Mabeki wa miaka ile walizoea kumkaba mtu mmoja mmoja, na winga anayeacha upande wake na kuibukia katikati alikuwa anawavuruga: beki wa pembeni anajiuliza amfuate au abaki, na kabla hajaamua mpira uko wavuni.

Silaha ya pili haisifiwi vya kutosha. Lato alikuwa akifuata mipira ambayo wengine wameshaikatia tamaa: kipa akiidondosha, beki akisita, yeye yupo.

Mabao yake saba ya 1974 yalifungwa vipi?

Mechi ya kwanza, Stuttgart, 15 Juni, Polandi 3–2 Argentina. Dakika ya 7 kipa Carnevali alishindwa kuudhibiti mpira wa kona, Lato akausukumia wavuni. Dakika moja baadaye alimpenyezea Szarmach pasi ya bao la pili. Argentina walipopata moja na kuanza kunusa sawazisho, kipa yule yule aliurusha mpira vibaya dakika ya 62, Lato akaunasa na kufunga. Mabao yote mawili yametokana na makosa ya kipa, na wapo wanaomdharau kwa hilo. Lakini jiulize ni mawinga wangapi wanaokuwa pale kipa anapokosea.

Dhidi ya Haiti mjini Munich, Polandi ilishinda 7–0. Lato alifungua dakika ya 17 na kufunga la mwisho dakika ya 87; katikati Szarmach alipiga matatu. Mechi ya tatu, Italia ililala 2–1 kwa mabao ya Szarmach na Deyna, na Lato hakufunga.

Raundi ya pili ndiyo iliyompa heshima. Dhidi ya Uswidi bao lilikuwa moja tu, lake, kwa kichwa, dakika ya 43. Kipindi cha pili kipa Jan Tomaszewski akapangua penalti na bao hilo likatosha. Dhidi ya Yugoslavia huko Frankfurt matokeo yalikuwa 1–1 hadi dakika ya 62, Gadocha akapiga kona, Lato akautokea nguzo ya kwanza na kuupiga kichwa. Huyu ni mtu ambaye hakuwa mrefu, tena mbele ya mabeki wa Kiyugoslavia. Kwa ujanja wa kufika mapema, hilo ndilo bao lake bora la mashindano.

La saba lilikuwa 6 Julai mjini Munich, mechi ya kuwania nafasi ya tatu dhidi ya Brazil, waliokuwa mabingwa watetezi. Dakika ya 76 alipata nafasi upande wa kulia, akamwacha beki Alfredo kwa mbio tupu, akamkaribia kipa Leão na kuupiga chini. 1–0.

Nyuma yake kwenye orodha walikuwa Szarmach na Johan Neeskens wa Uholanzi, mabao 5 kila mmoja. Neeskens alikuwa na penalti kadhaa kwenye hesabu yake. Lato hakuwa na hata moja. Penalti za Polandi zilikuwa za Deyna.

Kwa hiyo alipewa Kiatu cha Dhahabu?

Alikuwa mfungaji bora, lakini tuzo rasmi ya kiatu kwa kinara wa mabao ilianza kutolewa mwaka 1982. Orodha nyingi humwandika pamoja na washindi wa baadaye, na si kosa kubwa, ila usishangae kukosa picha ya Lato akiwa ameshika kiatu.

Kama walikuwa wazuri hivyo, mbona hawakufika fainali?

Mwaka 1974 hakukuwa na nusu fainali. Timu 16 zilicheza makundi manne, kisha nane zilizosalia zikagawanywa makundi mawili, na kinara wa kila kundi akaenda fainali. Polandi na Ujerumani Magharibi zilikutana Frankfurt tarehe 3 Julai kila mmoja akiwa ameshinda mechi zake mbili. Wajerumani walikuwa na tofauti nzuri zaidi ya mabao (+4 dhidi ya +2), kwa hiyo sare iliwatosha. Polandi ilibidi ishinde.

Mvua kubwa ikanyesha kabla ya mechi. Zimamoto waliletwa kunyonya maji kwa pampu, mechi ikachelewa kama nusu saa, na bado sehemu za uwanja zilibaki madimbwi. Fikiria sasa timu ambayo mchezo wake wote ni mpira wa ardhini unaopelekwa mbele ya winga anayekimbia. Pasi inapigwa, inafika kwenye maji, inasimama. Lato anaupita mpira, anarudi kuutafuta. Isitoshe, Szarmach alikuwa majeruhi na hakucheza. Hata hivyo Lato na Gadocha walimjaribu vikali kipa Sepp Maier kipindi cha kwanza, na Tomaszewski akaokoa penalti ya Uli Hoeneß. Dakika ya 76 Gerd Müller akafunga bao pekee.

Wapolandi wengi wanaamini kwamba uwanja mkavu ungewapeleka fainali. Haiwezi kuthibitishwa, ila ukitazama mkanda utaelewa kwa nini wanaamini hivyo.

Je, alikutana na Zaire mwaka ule?

Hapana, ila njia zao ziligusana. Zaire, timu ya kwanza ya Afrika iliyo kusini mwa Sahara kufika fainali hizo, ilikuwa kundi moja na Yugoslavia, Brazil na Scotland. Yugoslavia iliichapa 9–0 na Brazil 3–0, zote mjini Gelsenkirchen. Matatu hayo ya Brazil yalikuwa ndiyo idadi kamili waliyohitaji ili kuipiku Scotland kwa tofauti ya mabao. Kisha Yugoslavia na Brazil zote mbili zikaja kufungwa na Polandi, na mara zote mbili bao la ushindi likawa la Lato.

Timu za Afrika alizokutana nazo Kombe la Dunia ni Tunisia 1978, ambapo bao lake la dakika ya 43 huko Rosario liliamua mechi 1–0, na Kameruni 1982, sare ya 0–0. Tunisia ile haikuwa ya kubeza: ilikuwa imetoka kuichapa Meksiko 3–1, ushindi wa kwanza wa Afrika katika fainali hizo.

Nini kilitokea Wembley 1973?

Bila Wembley kusingekuwa na 1974. Polandi haikuwa imecheza Kombe la Dunia tangu 1938. Tarehe 17 Oktoba 1973, katika uwanja wa Wembley jijini London, ilihitaji sare tu ugenini kwa Uingereza ili kufuzu. Dakika ya 57 beki Norman Hunter alizembea na mpira karibu na mstari wa pembeni, Lato akamnyang'anya, akakimbia nusu ya uwanja na kumpelekea Jan Domarski, aliyepiga shuti lililopita chini ya Peter Shilton. Allan Clarke alisawazisha kwa penalti, Tomaszewski akazuia kila kilichobaki, na 1–1 ikawatoa Waingereza.

Aliyefunga ni Domarski, na magazeti yalimwimba kipa, lakini bao lile limetengenezwa na Lato kwa tabia ile ile ya kufuata mpira wa shaka. Ikumbukwe pia kwamba nafasi ilikuwa imefunguka: nyota wa timu, Włodzimierz Lubański, aliumia goti vibaya Juni mwaka huo huo, katika mechi waliyoifunga Uingereza 2–0 huko Chorzów, na hakwenda Kombe la Dunia.

Alichezea klabu gani, na kwa nini hakuna jina kubwa?

Karibu maisha yake yote ya soka yalikuwa Stal Mielec, timu iliyobebwa na kiwanda cha ndege cha mji huo. Ilitwaa ubingwa wa Polandi mwaka 1973 na tena 1976, na Lato alikuwa mfungaji bora wa ligi mwaka 1973 na 1975. Pamoja naye walikuwapo Domarski na Henryk Kasperczak, ambaye wasomaji wa Afrika humjua zaidi kama kocha: aliifikisha Tunisia fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika 1996 na aliwahi kuzinoa pia Ivory Coast, Mali na Senegal. Msimu wa 1975–76 Stal ilifika robo fainali ya Kombe la UEFA ikatolewa na Hamburg. Msimu uliofuata ilipangiwa Real Madrid raundi ya kwanza ya Kombe la Ulaya na safari ikaishia hapo.

Sababu ya kutoenda klabu kubwa ni utawala. Polandi ya wakati ule haikumruhusu mchezaji wa kiwango chake kuhamia nchi za Magharibi kabla ya kufikisha takriban miaka 30. Baada ya 1974 alikuwa na miaka 24, umri ambao leo angeuzwa kwa fedha za kutisha. Badala yake alibaki Mielec miaka sita zaidi. Kwa hiyo unapomlinganisha na washambuliaji wa Magharibi kwa idadi ya makombe ya klabu, unalinganisha sheria za nchi, si miguu.

Alipotimiza 30, mwaka 1980, alikwenda Lokeren ya Ubelgiji, klabu ndogo lakini yenye safu ya mbele ya kuogofya: Lato, Lubański aliyekuwa amepona, na Mdenmark Preben Elkjær. Msimu wa 1980–81 walimaliza wa pili nyuma ya Anderlecht, wakafika fainali ya kombe la nchi na kufungwa na Standard Liège, na robo fainali ya Kombe la UEFA. Mwaka 1982 akahamia Atlante ya Meksiko, iliyotwaa ubingwa wa klabu wa CONCACAF (Amerika Kaskazini, Kati na Karibi) mwaka 1983. Alimalizia Kanada, akichezea timu ya Wapolandi wa Hamilton.

1978 na 1982 alikuwa yule yule?

Hapana. Argentina 1978, chini ya kocha Jacek Gmoch, timu ilikuwa na vipaji vingi kuliko ya 1974 lakini ilicheza kwa wasiwasi. Lato alifunga mawili: lile la Tunisia na jingine dhidi ya Brazil, la kusawazisha mwishoni mwa kipindi cha kwanza, kabla ya Brazil kushinda 3–1.

Hispania 1982 alikuwa na miaka 32, kasi imepungua, na kocha Antoni Piechniczek alimtumia kama mtengenezaji zaidi ya mfungaji. Bao lake lilikuwa moja, katika 5–1 dhidi ya Peru. Lakini tazama mechi ya Camp Nou dhidi ya Ubelgiji, iliyokwisha 3–0 kwa mabao matatu ya Zbigniew Boniek. Bao la kwanza ni Lato aliyekwenda hadi karibu na mstari wa goli upande wa kulia na kuurudisha mpira nyuma kwa Boniek. Boniek alikosa nusu fainali dhidi ya Italia kwa kadi, Polandi ikalala 2–0, kisha ikaifunga Ufaransa 3–2 na kuchukua nafasi ya tatu kwa mara nyingine.

Mbona namba za mechi zake za timu ya taifa hutofautiana?

Kwa hesabu ya shirikisho la Polandi, PZPN, ni mechi 100 na mabao 45, kati ya 1971 na 1984. Ukikutana na tarakimu nyingine, mara nyingi chanzo ni Olimpiki. Nchi za kikomunisti zilipeleka Olimpiki timu zao kamili, kwa sababu wachezaji walihesabiwa kuwa wafanyakazi wa viwanda au wanajeshi, si wachezaji wa kulipwa. Wengine huzihesabu mechi hizo kama za timu ya taifa, wengine huziondoa. Tofauti huonekana wazi kwa Deyna: 97 kwa hesabu moja, 84 kwa nyingine. Kosa la kuepuka ni kuchukua mechi kutoka orodha moja na mabao kutoka orodha nyingine, kisha kupiga wastani.

Rekodi yake ya mechi ilipitwa na beki Michał Żewłakow, aliyeishia 102. Kwa mabao, Lubański alikuwa na 48, na Lewandowski akawaacha wote mbali.

Nani bora, yeye au Lewandowski?

Kwa wingi wa mabao na uimara wa miaka mingi, Lewandowski, wala haihitaji mjadala. Kwa Kombe la Dunia, Lato, nalo halihitaji mjadala: 10 dhidi ya 2 ambayo Lewandowski alipata yote Qatar 2022. Lato alikuwa na timu ya kumchezesha. Lewandowski mara nyingi aliachwa mbele peke yake kama mlinzi wa lindo.

Alifanya nini baada ya soka?

Ukocha wake, akipitia Stal Mielec, Olimpia Poznań, Amica Wronki na Widzew Łódź, haukuacha alama kubwa. Kuanzia 2001 hadi 2005 alikuwa seneta kwa tiketi ya chama cha mrengo wa kushoto, SLD.

Oktoba 2008 alichaguliwa rais wa PZPN, akimshinda miongoni mwa wengine Boniek, mwenzake wa 1982. Kipindi chake kilikuwa na mambo mawili ambayo Wapolandi hawajayasahau. Kwanza, Septemba 2009, baada ya kipigo cha 3–0 kutoka Slovenia mjini Maribor, alitangaza mbele ya kamera za televisheni kwamba kocha Leo Beenhakker ameondolewa, kabla ya kumwambia mwenyewe. Pili, Novemba 2011 jezi mpya zilitoka bila tai mweupe, nembo ya taifa, na badala yake kukawa na alama ya shirikisho. Mashabiki waliwaka, wanasiasa wakaingilia, na tai akarudishwa.

Euro 2012, iliyoandaliwa na Polandi pamoja na Ukraine, ilikwenda vizuri kama mashindano, lakini timu ilitoka sare na Ugiriki na Urusi, ikafungwa na Czech na kuburuza mkia wa kundi. Oktoba mwaka huo Lato hakugombea tena, na Boniek akachukua kiti. Ubora wa uwanjani haukumsaidia ofisini.

Nikitaka kumtazama, nianze na mechi ipi?

Anza na Argentina 1974, kwa sababu ndani ya dakika tisini utaona kila kitu: kufuata mpira uliopotea, pasi ya mwisho, na kukimbia kutoka pembeni. Usitazame muhtasari wa mabao pekee. Kamera ya muhtasari inaanza pale mpira unapofika kwake, na sehemu yake bora hutokea sekunde tatu kabla ya hapo. Chagua kipindi kimoja, mwache mpira, mfuate namba 16 tu. Ya pili iwe Brazil, kipindi cha pili, wote wamechoka na yeye bado ana mbio. Ile ya maji ya Frankfurt iache ya mwisho.